Usiku wa Kalahari si wa sungura na fisi tu

Wengi wetu tukisikia hadithi za kando ya moto tunamuona bibi kazungukwa na wajukuu, sungura kamlaghai fisi. Kwa Wasan, jamii za wawindaji na wakusanyaji wa jangwa la Kalahari kusini mwa Afrika, moto wa usiku ulibeba mazito kuliko hayo, na kuuita burudani ya watoto ni kuwapunja.

Mwanaanthropolojia Polly Wiessner aliishi na Ju/'hoansi, kundi la Wasan wa mpakani mwa Namibia na Botswana, na mwaka 1974 aliandika waliyokuwa wakizungumza. Uchambuzi wake ulitoka mwaka 2014. Mchana, malalamiko, kusutana na masengenyo vilichukua asilimia 34 ya mazungumzo. Riziki, asilimia 31. Hadithi, 6 tu. Jua likishatua hadithi zinapanda hadi asilimia 81, malalamiko yanashuka hadi 7. Na watu ni wale wale!

Walisimulia habari za watu wanaofahamika: nani kaoa wapi, ugomvi ulianzaje, safari ilikuwaje. Wasikilizaji hawakukaa kimya, waliitikia na kurudia maneno ya msimulizi. Kuna jambo linalonigusa kila nikilikumbuka: wawili kati ya wasimulizi bora wa miaka ile ya 1970 walikuwa wasioona. Gizani waliongoza kambi nzima.

Faida yake ilikuwa kubwa. Ju/'hoansi walikuwa na hxaro, desturi ya kupeana zawadi, kama shanga za maganda ya mayai ya mbuni, na wenza wa mbali. Ukame ukikubana, unahamia kwa mwenzako mpaka hali itengemae. Sasa utamkumbukaje mtu anayeishi umbali wa kilomita mia na zaidi, usiyemuona miezi na miezi? Ni hadithi za usiku zilizomweka karibu, pamoja na tabia yake na ukoo wake.

Ndiyo maana siridhiki na uhifadhi wa hadithi unaoishia kwenye kurekodi sauti. Kanda inatunza maneno, lakini haimtunzi anayeitikia. Taa za umeme nazo zinaturuhusu kuendelea na kazi usiku, zikila saa zile zile ambazo giza lilizinyima kazi na kuwaachia watu wazungumze. Wanaofadhili simulizi za Wasan waulize kwanza kama vijana na wazee bado wanalala kambi moja, na kama jioni zao bado ni zao.