Seva chini ya meza au klaudi: ugomvi wa ofisi moja Kariakoo

Kuna ofisi moja ya uhasibu Kariakoo, watu nane, ghorofa ya tatu, kompyuta zikigoma mimi ndo naitwa. Wenye ofisi wako wawili na ni miezi sasa hawaelewani. Mama mkurugenzi anataka mafaili yote ya wateja yahamie klaudi, yaani kwenye seva za kampuni kama Google unazozifikia kwa intaneti, mzee mwenzake, mhasibu wa siku nyingi aliyeanza kazi enzi za leja za karatasi, anasema mafaili yabaki kwenye seva yao, kompyuta inayotunza mafaili ya ofisi nzima. Hiyo seva msiifikirie kitu kikubwa, ni desktopu ya zamani iko chini ya meza ya mapokezi, ina vumbi la kutosha na dada wa mapokezi huwa anaiegemeza miguu. Wakaniita niamue. Nikawaambia siamui, ila nitawaeleza nilivyoona.

Hofu ya mama ni moto. Soko la Kariakoo liliungua usiku wa Julai 10, 2021, halafu Novemba 16, 2024 ghorofa likaporomoka hapohapo Kariakoo na watu wakapoteza maisha, na ofisi yao iko mwendo wa dakika chache kwa miguu. Wiki ile nilimkuta amesimama anaiangalia ile desktopu, akaniuliza, "Mwanangu, hii ikienda wateja nawaambia nini?" Na kweli hapo hamna cha kuwaambia. Sheria ya Usimamizi wa Kodi inataka mfanyabiashara atunze kumbukumbu zake miaka mitano, na nusu ya wateja wao hawana nakala yoyote nyumbani, mkono wao wa kulia ni hiyo mashine chini ya meza. Hapo sijagusa wizi, wala umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo, wala flashi za wateja zinazoingia kila siku na virusi vyake vinavyogeuza mafolda yote kuwa shotikati.

Mzee naye si mshamba kama vijana wa pale ofisini wanavyomchukulia. Hoja yake ya kwanza ni hela, na tena si ukubwa wa hela, ni kwamba haina mwisho. Ekstenal, ile diski ya kuchomeka kwa nje, ya TB 2 (TB moja ni kama GB 1,000) unainunua mara moja, laki mbili na ushee, imeisha. Google wanakuuzia TB 2 za mtu binafsi kwa dola 9.99 kwa mwezi, ukitaka za kiofisi wanahesabu kwa kichwa, na kile kifurushi cha chini cha Google Workspace kinampa kila mtu GB 30 tu, ambazo ofisi ya kuskani risiti inazimaliza kabla ya mwaka. Juu yake kuna VAT, na yote yanakwenda kwa dola. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa inacheza kwenye shilingi 2,300 na kitu, katikati ya 2024 ikawa imepita 2,600. Huduma ileile, ofisi ileile, bili imepanda na hakuna aliyekupigia simu kukwambia.

Hoja yake ya pili ndo nzito zaidi. Mei 12, 2024, Jumapili, kebo za baharini zinazotuletea intaneti, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu kwa pamoja na Tanzania tukawa kati ya walioumia zaidi, siku kadhaa watu wanaangalia kiduara kinazunguka. Halafu ikaja Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ikazimwa nchi nzima mpaka Novemba 3. Mwisho wa mwezi huo, mishahara ya watu, na PAYE, ile kodi inayokatwa kwenye mishahara, inatakiwa iwe imefika TRA tarehe 7. Mzee anasema siku zile yeye peke yake ndo alikuwa anafanya kazi mtaani kwao, kaandaa mishahara yote ya wateja kwenye seva ya ndani, intaneti iliporudi ni kutuma tu. Jirani yao mmoja ambaye mafaili yake yote yako klaudi alikuwa anayaona majina ya mafaili yake, anaona na kialama cha kiwingu pembeni, akibonyeza hola.

Hapo lakini mzee anachanganya vitu viwili. Huyo jirani hakuponzwa na klaudi yenyewe, aliponzwa na seting. Programu hizi, iwe ya Google Drive au OneDrive au Dropbox, zina sehemu unachagua faili likae huko juu tu ulivute ukilihitaji, au nakala yake ikae pia kwenye kompyuta yako. Ukichagua ya pili, intaneti ikate mwezi mzima unaendelea na kazi, ikirudi zinapatana zenyewe. Shida ni kwamba wengi wanaacha ile ya kwanza kwa sababu inaokoa nafasi, na siku ya kugundua ndo siku intaneti haipo, na ukiwa huna intaneti huwezi tena kuvuta chochote.

Mama naye ana kosa lake, na hili nimeliona ofisi nyingi mpaka nimechoka kulieleza: anadhani kitu kikishasinki basi kina bakapu, yaani nakala ya akiba. Ofisi nyingine ninayoihudumia kijana wa field, aliyekuja kujifunza kazi, alijaza laptopu yake, akaona folda kubwa ya 2021 hata hajui ya nini, akaifuta apate nafasi. Folda ikafutika kwake, ikafutika klaudi, ikafutika kwenye laptopu za wenzake wote sita, kwa sababu kusinki ndo kazi yake hiyo, kufanya kila mahali pafanane. Walikuja kuiulizia mwezi wa tatu tangu ifutwe, wakati takataka za Google Drive zinakaa siku 30 tu, zikipita hizo imeenda. Na wale virusi wa kufunga mafaili halafu wanadai hela ni hivyohivyo, wakishafunga la kwenye laptopu, lile lililofungwa ndo linapanda juu. Kuna kurudisha toleo la zamani, ndio, kazi ya faili mojamoja unaweza kukesha, na lina muda wake pia.

Na kampuni kubwa za klaudi nazo zinaanguka. Machi 10, 2021 jengo la seva la kampuni ya OVH liliungua Strasbourg, Ufaransa, na kuna wateja waliopoteza kila kitu kwa sababu bakapu yao ilikuwa eneo hilohilo. Mei 2024, mwezi uleule kebo zetu zilipokatika, Google Cloud walijikuta wamefuta mfumo wa seva za klaudi wa mfuko wa pensheni wa Australia unaoitwa UniSuper, wenye wanachama zaidi ya nusu milioni. Mfuko ulikuwa na nakala mbili sehemu mbili tofauti, zote kwa Google, zote zikafutika. Waliokolewa na bakapu zilizokaa kando ya mfumo huo, zikiwemo za kampuni nyingine. Mzee nilipomsimulia hiyo alicheka mpaka akakohoa, nikamwambia mzee wangu usicheke, wao walikuwa na nakala ya tatu, wewe unayo moja.

Kuna la sheria pia, nalipita haraka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na ina masharti kuhusu kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Ofisi ya uhasibu imejaa namba za NIDA, mishahara, akaunti za benki, kwa hiyo usiseme mimi mdogo hainihusu. Ila na desktopu isiyo na paswedi chini ya meza ya mapokezi, ambapo kila mteja anapita, sioni kama hiyo sheria itaifurahia zaidi.

Sasa kuhama kwenyewe. Watu wanaulizia bei, hawaulizii spidi ya kupandisha. Hawa wana GB 180, na fayba yao ukiipima kupandisha ni kama Mbps 5 (megabiti tano kwa sekunde), piga hesabu ni masaa 80, yaani siku tatu na kitu bila kupumzika, usiku na mchana, ofisi nzima inalalamika neti nzito. Inavumilika, unaacha weekendi mbili inaisha. Lakini nina rafiki yangu mpima ardhi ana TB 4 za picha za droni, kwa spidi hiyohiyo ni siku 74. Huyo nilimwambia achana nayo kabisa, picha zikae kwenye diski zake mbili, klaudi peleka ramani zilizokamilika tu. Na mtu mwenye biashara ya watu watatu wenye laptopu tu, hana seva, hana mtu wa kompyuta, huyo wala asijisumbue kununua mashine, aende klaudi leo, ila aache nakala kwenye laptopu na anunue ekstenal moja.

Kwa hawa wa Kariakoo nilichowashauri kimemkera kila mmoja nusu. Desktopu istaafu, wanunue kisanduku cha NAS cha diski mbili, kiseva kidogo cha kutunzia mafaili ambacho kompyuta zote za ofisi zinakifikia, kikae kwenye chumba kinachofungwa, kazi za kila siku zifanyikie humo, kwa hiyo mzee kabaki na seva yake. Kila usiku kisanduku kinapandisha yaliyobadilika kwenda klaudi, yakiwa yamefungwa kwa ufunguo wao wa siri, ule wa maandishi, mama kapata klaudi yake. Na ekstenal mbili za kupokezana, kila Ijumaa mzee anaondoka na moja nyumbani Mbagala, ile nyingine inarudi. Ile ya nyumbani haijachomekwa popote, kwa hiyo virusi hawaifikii na kijana wa field haifuti.

Kitu ambacho hakuna aliyekitaja, kati ya mama na mzee, ni akaunti ni ya nani. Miaka mitatu iliyopita walishajaribu klaudi, kijana wao wa kompyuta wa wakati ule akawafungulia, kwa Gmail yake mwenyewe, na simu ya kupokelea namba za siri za kuingilia ni yake. Akapata kazi Mwanza akaondoka vizuri tu, kwa soda na keki. Kadi ya kulipia ilipoisha muda, maonyo yalikuwa yanaingia kwenye imeili ambayo hakuna aliyekuwa anaifungua pale ofisini, na siku wanataka faili wakaambiwa ingiza namba zilizotumwa kwenye simu inayoishia na 47. Walimtafuta siku nne. Kijana mwaminifu, aliwasaidia, ila fikiria angekuwa ameondoka kwa ugomvi.

Kwa hiyo safari hii nimefungua kwa imeili ya kampuni, kwa laini iliyosajiliwa kwa jina la kampuni, simu yenyewe inakaa ofisini, na wasimamizi wa akaunti ni wawili, mama na mzee. Jumamosi tukajaribu kurudisha, maana bakapu ambayo hujawahi kuirudisha mimi siihesabu. Nikachagua mteja mmoja, mahesabu ya 2022, nikachomoa waya wa kisanduku nikajifanya kimeibiwa. Kutoka klaudi ilichukua kama dakika arobaini, kutoka ekstenal ya mzee dakika tatu, na mzee alihakikisha kila mtu ameisikia hiyo.

Paswedi na ule ufunguo wa kufungulia bakapu tumeviandika kwenye karatasi, tukaweka kwenye bahasha, tukaifunga kwa gundi, mama akaitia kwenye sefu. Sasa hivi wanabishania ufunguo wa sefu akae nao nani.