Papa Prof, usinitie mu gazeti

Mwenye kusema eti kuandika vichekesho ni kazi ya kujistarehesha, huyo haishi Lubumbashi, ao anaishi lakini hana majirani. Mimi nafundisha mawasiliano tangu nywele zilikuwa zote mahali pake, nimemaliza chaki na mate mu oditware, ile sale kubwa ya masomo, na mu avenue yetu hakuna mutu hata mumoja aliwahi kunisimamisha eti Prof, hebu utuelezee kidogo Lasswell, ule mwalimu mukubwa wa mawasiliano. Hakuna. Lakini tangu nilianza kuandika ile kona ya kuchekesha mu gazeti moja ya hapa mujini, basi amani ilihama kwangu na haikuacha adresi.

Natoka asubuhi, jirani wa mbele ako nagombana na bibi yake juu ya falanga ya unga, sauti inafika mpaka kwenye barabara, wakiniona tu wote wawili wananyamaza. Jirani ananiambia yambo Prof kwa sauti ya mutu ako mbele ya tribinali. Na bibi anaongeza haraka haraka, mi sijauliza kitu, "Papa Prof, hapa hatukuwa tunagombana, tulikuwa tunasali." Sawa mama, Mungu amesikia, hata mi nimesikia.

Kuna mwalimu mumoja mukubwa wa mambo yetu, Paul Watzlawick, mzaliwa wa Austria, akafanyia kazi kule Palo Alto Marekani, yeye ndiye alisema mutu hawezi kukosa kuwasiliana, hata ukifunga kinywa umeshasema kitu. Nawafundisha wanafunzi hayo kila mwaka, wanaandika, wanapiga mustari chini, hawaamini. Waje wasimame na mimi kwenye ile parseli dakika tano. Wale watu walinyamaza kwa nguvu sana mpaka nilisikia yote: meka mbili za unga, falanga ilitoka jana jioni kwenda kununua, na ikapita kwanza kwenye bia ya Simba baridi.

Hiyo ni kundi la kwanza, wale wenye kuogopa kuandikwa. Kundi la pili ni wale wenye kutaka kuandikwa kwa lazima, na hao njo wabaya zaidi. Kinyozi wetu kila nikikaa kwenye kiti chake anaanza kufanya vituko, anaanguka makusudi, anapiga mzaha ambao hata yeye haumuchekeshi, alafu ananiangalia mu kioo kama nimeandika. Nywele zenyewe anakata upande moja. Mwenye depo ya vinywaji alinitumia mukungu wa ndizi mpaka mulangoni na karatasi ndogo juu yake, jina la depo, adresi, na saa za kufungua.

Sasa hapo kuna shida ya kitaaluma. Mu kazi ya waandishi wa habari hapa Kongo kuna kitu tunaita kupaje. Mwandishi anaenda kwenye mukutano wa mutu fulani, mukutano ukiisha anapewa bahasha eti ya transporti, na kesho habari inatoka nzuri kuliko mukutano wenyewe. Mi napigana na kupaje kwa masaa mu kozi ya etike, napiga meza, natoka jasho. Alafu nafika nyumbani nakuta mukungu wa ndizi umekaa kwenye foteyi yangu. Na kesho yake karanga kutoka kwa ule jirani mwenye kusali, yeye analipa nisimuandike. Nikamuambia bibi yangu hivi vitu virudi vilikotoka. Akaniangalia kwa huruma. "Papa, etike yako iache kule kwa oditware. Huku tuko na sufuria."

(Malipo ya gazeti yenyewe mi sitayazungumza hapa. Nitasema tu siku moja nilipewa dola tano yenye mupasuko mudogo pembeni, nikaenda kwa kambisti, mwenye kubadilisha falanga, akaiinua kwenye jua, akaigeuza, akaniuliza kwa heshima kama hii nayo ni kichekesho changu.)

Tuje kwenye mambo ya mbuzi, maana njo inanitoa usingizi.

Mi nilikuwa nimekaa chini ya muembe kwangu nasahihisha intero, majaribio ya wanafunzi. Bik nyekundu ikaisha wino, nikaingia ndani kutafuta ingine, na ndani mu nyumba yetu bik haipatikani kama hujaita watoto wote na kuwatisha. Kurudi nakuta mbuzi wa jirani wa nyuma ako pale, ametulia, anakula pointi. Hakuwa na haraka. Anavuta kopi moja, anaitafuna kuanzia pembe ya jina, anameza, anachukua ingine. Aliponiona hakukimbia, aliniangalia tu kama nimechelewa kwenye mukutano. Wakati nilipata fimbo zilikuwa zimeisha zote, isipokuwa moja. Hiyo aliinusa, akaiuma kidogo kwenye jibu la swali la pili, akaitema. Nikaiokota, nikaisoma, nikamuelewa mbuzi.

Wale ambao kopi zao ziliingia tumboni nikawapa wote 10 juu ya 20, mutu angefanya nini, huwezi kuita mbuzi kwenye jury. Ile moja iliyobaki niliisahihisha kwa haki, ikapata 4.

Nikaandika hayo mu kona yangu, aya nne, nikamalizia kwamba mbuzi mwenye macho ya vile mu kazi ya kusahihisha angestahili kupewa nafasi ya asistenti. Watu wakacheka. Yaani wale waliosoma wakacheka, na hapo njo shida inaanzia, maana gazeti hapa kwetu kusomwa ni jambo moja na kujulikana ni jambo lingine kabisa. Wanunuzi ni wachache. Wengine wanasimama mbele ya muuzaji, mikono nyuma, wanasoma vichwa vya habari palepale chini, wanaanza kubishana, wanagawanyika vyama viwili, wanaenda zao bila kutoa hata falanga mia. Ile nakala moja iliyonunuliwa inazunguka ofisi nzima, inafika kwa sentinele, na mwisho wa yote inafika kwa mama mwenye kuuzisha mikate pale kwenye kona, anakatakata anafungia mikate ya moto.

Ule mama njo redio yetu. Mu oditware mi nawaambia wanafunzi juu ya Lazarsfeld na wenzake, walichunguza uchaguzi wa rais wa Marekani wa mwaka 1940 kule Ohio, wakaona kwamba redio na gazeti haviwabadilishi watu moja kwa moja namna ilivyodhaniwa, habari inapita kwanza kwa wale wachache wenye kufuatilia, na hao njo wanawapelekea wengine. Hatua mbili. Ohio pengine inatosha mbili. Kutoka kwa mama wa mikate mpaka komini ya Katuba hatua sikuweza kuzihesabu, na kila mutu kwenye njia anatia chumvi yake.

Na chumvi ilitanguliwa na mafuta. Mi nimekiona kile kipande cha gazeti kwa macho yangu, mutoto wa jirani alikuwa nacho, mikate ndani. Sentensi yangu ilisema mbuzi alikula pointi za wanafunzi mbele ya Prof. Mafuta yalikuwa yamepita pale katikati, yamefanya duara nzuri, na maneno mawili matatu yameyeyuka kabisa. Ilibaki mbuzi, ikabaki pointi za wanafunzi, na huku mwisho kabisa, safi, herufi nyeusi, ikabaki Prof. Claude Shannon aliandika mwaka 1948 juu ya kelele, ile yenye kuingia kati ya mwenye kutuma na mwenye kupokea mpaka ujumbe unafika umeharibika, lakini yeye alikuwa mutu wa kampuni ya simu, aliwaza waya. Mikate ya kwetu hakuionja.

Ilikuwa saa nne ya asubuhi. Saa sita pale soko ya Kenya, komini ya hapa mujini, wanasema kuna prof anauzisha pointi kwa mbuzi. Saa tisa kule Bel-Air ni mbuzi wawili na mumoja ako na mimba, kwa hiyo ni distinction. Jioni imefika Ruashi, nimekamatwa Kasumbalesa kule mupakani na kamyo nzima ya mbuzi natoka nao Zambia. Na ukiangalia vizuri ushahidi uko, maana kweli watu walipata 10 juu ya 20 na kopi zao hazionekani.

Mi nilijua hayo yote namna gani? Nilipanda manseba, pikipiki ya teksi. Nikamuambia dereva Kasapa, akauliza Kasapa ya masomo ao Kasapa ya gereza, maana wageni hawajui, kule njia ya Kasapa tuko na kampisi na tuko na gereza, na mutu mwenye veste ya zamani kama yangu anaweza kuwa anaenda popote. Nikasema masomo. Akaanza kuendesha na kusimulia pamoja, kichwa kimegeukia kwangu, barabara haimuhusu. "Viye, ulisikia ya ule prof wa mbuzi?" Nikasema sijasikia. Akanieleza yote, na kamyo, na mimba. Nikamuuliza, na huyo prof akipanda kwako utamufikisha wapi? Akacheka mpaka pikipiki ikayumba. "Ule, ah, ule naye unamushusha mahali popote, ni sawa."

Kesho yake akaja mwenye mbuzi. Mutu mzima, kofia mukononi, akakataa kiti.

"Prof, banasema ulipokea mbuzi."

"Sijapokea mbuzi, baba."

"Ile mbuzi iko yangu. Sasa pointi ziko wapi?"

"Baba, mutoto wako hasomi hata kwangu."

"Basi unipe miye mwenyewe."

Nikamuonyesha kwa kidole, mbuzi yako ile pale, iko nakula sombe ya bibi yangu, tena mi njo mwenye kudai. Akaiangalia muda murefu. Akasema ile ni ingine.

Nikafanya kile ambacho kila kitabu cha kazi yetu kinakushauri, nikatoa ufafanuzi. Gazeti ikaupiga chapa, ukurasa wa pili, kwa heshima. Mwaka uleule 1948 Lasswell alituachia maswali yake matano ambayo kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayaimba: nani, anasema nini, kwa njia gani, kwa nani, na matokeo yake nini. Nikakaa nikajijibu mwenyewe. Mimi. Ukweli. Gazeti. Hakuna. Hakuna. Yaani nasema uongo kidogo, matokeo yalikuwepo, mama wa mikate aliusoma wakati anaukata, na akauliza wateja wake swali ambalo mi mwenyewe lilinikosesha jibu: kama hakukula mbuzi, juu ya nini anajitetea?

Basi nikaona niache ukurasa, niende kwenye chanzo. Nikamukuta mbele ya karai yake, mafuta yanapiga kelele, mukono unatupa unga bila kuangalia. Nikamueleza yote polepole, kwa Kiswahili chepesi, nikaondoa Shannon, nikaondoa Ohio. Akasikiliza mpaka mwisho, mi sina wanafunzi wenye kusikiliza vile. Alafu akasema, "Papa Prof, habari ya bure haiendi mbali. Chukua mikate." Nikachukua mikate. Akasubiri. Nikachukua ingine. Nikatoka pale na mfuko ambao ungelisha kwaya nzima, na yeye ameapa mbele ya Mungu kwamba kabla ya jua kuzama Lubumbashi yote itajua.

Na ilijua, sitamusingizia mama wa watu, alifanya kazi yake. Kabla ya jua kuzama kila mutu alikuwa amepata habari mupya kwamba Prof amerudisha mbuzi. Wakanisifu. Mutu wa kanisa letu akanishika mukono akasema ni wachache siku hizi wenye kurudisha. Ule jirani mwenye kusali akavuka barabara kunipongeza. Kinyozi ndiye alikasirika, anasema visa vitamu vyote napeleka kwa wengine.

Mi nilikuwa nimeamua kuacha. Nimeshaandika hata barua kwa redaktere, kwamba kona wampe mutu kijana mwenye miguu ya kukimbia. Delestaje ikafika, giza, nikaiacha juu ya meza. Muda kidogo nasikia mulango, hodi ya adabu, ya mutu mwenye shida. Kijana mumoja wa kozi yangu, shati limepigwa pasi, simu inawaka taa mukononi.

"Prof, samahani kwa usiku. Miye ni yule wa 4 juu ya 20."

Nikamuambia nimekukumbuka.

"Benzangu bote mbuzi ilikula kopi, bakapata 10."

Nikasema ndiyo, ilitokea hivyo.

Akafungua sakoshi, akatoa ile kopi, ameinyoosha vizuri, inang'aa kwenye taa ya simu. Alikuwa ameipaka mafuta ya mikate na chumvi, pande zote mbili, na kwenye swali la pili amezidisha.

"Prof, nalomba tu uiite ijaribu tena."