Mzee hasikii, au anasikia ila ubongo ndo haushiki?

Desemba watu wakishapanda Moshi nyumba ikajaa, hakosi mtu wa kumsema babu: huyu anasikia anachotaka yeye. Mkiwa wawili sebuleni anakujibu vizuri tu, ila pale nje kwenye mbege, watu kibao na spika inalia, anaitikia ndiyo ndiyo na anacheka wenzake wakicheka. Wengine wanaona kiburi, wengine wanasema kumbukumbu imeanza kwenda. Sasa ubishi ni huu, sikio limechoka au kichwa?

Wanaosema sikio wana hoja nzito. Kila sikio linaanza maisha na seli zenye vinywele za kunasa sauti kama 15,000 hivi, zikifa hazioti tena, na zinazotangulia ni zile za sauti nyembamba, kwahiyo s, f na sh zinapotea mapema, mzee anajua unaongea ila hajui umesema fika au shika. Halafu mwaka 2009 watafiti Kujawa na Liberman kule Marekani waliwapigia panya kelele, baada ya muda vipimo vya kusikia vikarudi kawaida kabisa, ila kuangalia ndani wakakuta viunganisho vingi kati ya seli na neva vimekatika na havikurudi. Baadaye ikaonekana hata panya anayezeeka bila kelele anavipoteza hivyo viunganisho kabla ya seli zenyewe. Yani unaweza kupimwa kwenye chumba kimya ukaambiwa uko poa, ukifika stendi huambulii kitu.

Upande wa pili wanasema sawa, lakini sauti ikitoka sikioni haifiki kichwani moja kwa moja, inapita vituo kadhaa kwenye shina la ubongo, na huko kuna neva ambazo kazi yao ni kuzinyamazisha nyingine kwa kemikali inaitwa GABA. Hiyo ndo breki. Kwa panya wazee GABA inapungua kwenye vile vituo, neva zinapiga kelele ovyo, na vile vijimwanya vya milisekunde chache tunavyotumia kutenganisha silabi vinafutika. Na wapo wazee ambao vipimo vyao vya kawaida ni vizuri tu, ila ukiwapima kutambua kimya kifupi katikati ya sauti wanashindwa na vijana.

Mi naegemea sikio kidogo, kwa sababu hata mnyama kijana ukimharibu masikio breki za ubongo wake zinalegea, maana yake ubongo ukiletewa kidogo unaongeza sauti wenyewe. Ndo maana (kwa sehemu, maana sikio nalo lina mkono hapo) mzee anakwambia ongea kwa nguvu, ukiongeza kidogo anafoka usinipigie kelele mi siyo kiziwi!

Ila kuegemea sikio hakumaanishi shime sikio (kile kifaa cha kusikia kinachovaliwa sikioni) inamaliza kazi. Inakuza sauti, hairudishi kiunganisho kilichokatika wala GABA, na sherehe yenye spika kubwa inakuzwa yote pamoja na spika, kwahiyo wengi wanaishia kuiweka kabatini.

Mwaka 2023 yalitoka majibu ya utafiti wa ACHIEVE wa Marekani, ulioangalia kama kumsaidia mzee kusikia kunapunguza kushuka kwa akili: watu 977 wa miaka 70 hadi 84, nusu wakapewa vifaa na ushauri wa usikivu, wakafuatiliwa miaka 3. Kwa jumla akili zao hazikutofautiana na wenzao. Ila kwenye kundi lililokuwa na hatari zaidi ya akili kushuka, mfano wenye presha na sukari wengi, kushuka huko kulipungua kwa 48%. Wanaosifia kifaa na wasiokiamini, kila upande ukachukua kipande chake ukaondoka nacho! Mi namba ya kundi dogo siibebi kama ushindi, lakini kwa mzee mwenye presha na sukari nisingesubiri utafiti mwingine. Kwanza atolewe nta masikioni (usicheke, wakati mwingine ndo iliyoziba), apimwe na kwa maneno kwenye kelele siyo milio tu, na kwenye kikao akae ukutani mbali na spika, anayemwongelesha amwangalie usoni.