Suti ya sufu mwezi Februari: mitindo ya majira na mwanamume wa Pwani

Anayeandika kwa Kiswahili kuhusu mitindo ya nguo za kiume hukwama mapema, kwenye majina ya majira. Majira manne ya Ulaya tumezoea kuyaita masika, kiangazi, vuli na kipupwe, na kwa mazoea hayo msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa hukutana na makala ya “mitindo ya kipupwe” mwezi Januari, wakati kaskazi inavuma na joto la mchana linafika nyuzi 32. Kipupwe chake yeye huja Juni hadi Agosti. Vuli ya wafasiri ni majani kupukutika katika bustani za London, ilhali vuli ya mkulima wa Pwani ni mvua za Oktoba hadi Desemba. Majina yanafanana, hali ya hewa haifanani, na mavazi hufuata hali ya hewa kabla hayajafuata kitu kingine chochote.

Kalenda inayoleta mkanganyiko huu inajulikana. Kila Januari na kila Juni wanunuzi na wabunifu wa nguo za kiume hukutana Florence, Italia, kwenye maonyesho ya Pitti Uomo, kisha macho huhamia Milan na Paris. Nguo nzito zinazoonyeshwa Januari huanza kuingia madukani Ulaya kuanzia Julai na Agosti, na zile nyepesi za Juni huingia mwanzoni mwa mwaka unaofuata. Sisi tunaziona siku hiyohiyo kwenye simu, na baada ya wiki chache kijana amempelekea fundi picha ya koti zito la mistari alitakalo kwa ajili ya harusi ya Februari. Je, mwanamume wa Afrika Mashariki aifuate kalenda hiyo, au aipuuze?

Wanaosema aifuate wana hoja ambazo haifai kuzidharau. Mkato wa nguo huzeeka, na watu hutambua. Kwa zaidi ya miaka kumi suruali ya modo, ile iliyobana paja hadi kifundo cha mguu, ilikuwa alama ya kijana anayekwenda na wakati. Leo suruali imepanda kiunoni, imeongezwa marinda na kupanuliwa, na anayekwenda kwenye usaili wa kazi ya benki au ya matangazo akiwa amebanwa anaonekana wa muongo uliopita kabla hajafungua mdomo. Kazi ya fundi nayo hutegemea mabadiliko hayo, kwani suruali isiyobadilika umbo haina sababu ya kushonwa upya. Isitoshe, majaribio ya kuwazuia vijana wasifuate mitindo ya nje yana historia isiyopendeza. Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopiga vita sketi fupi, mawigi, dawa za kujichubua na pia suruali za kubana. Muda si mrefu vijana walewale walikuwa wamehamia kwenye bugaluu, suruali zilizopanuka kuanzia goti kwenda chini, ambazo zilitoka nje vilevile.

Jambo jingine husahauliwa na sisi tunaoandika tukiwa Pwani. Makete, Njombe, Mbeya, Arusha, Limuru na Nairobi zina baridi ya kweli. Mtu wa Makete anayetoka alfajiri ya Julai anahitaji sweta la sufu na koti lenye bitana kamili, yaani kitambaa cha ndani, na kumwambia kwamba sufu ni ya Wazungu ni kumkosea haki. Kwake yeye nguo za majira ya baridi ya Ulaya zinafaa kabisa, ingawa zinaingia madukani huko wakati baridi yake inakaribia kwisha.

Hata hivyo, upande wa pili una hoja nzito zaidi kwa wengi wetu, na mimi niliielewa nikiwa mbele ya meza ya fundi. Nilikuwa nimenunua suti dukani, ya rangi ya bluu iliyokolea na mkato mzuri wa wakati ule, na kila nilipoivaa shati lilikuwa limeloa kabla sijafika ninakokwenda. Nilimpelekea fundi mmoja wa Kariakoo nikitaka apunguze mikono tu. Alilitazama koti, akaligeuza ndani nje, akachukua wembe na kukata nyuzi za bitana chini ya upindo. “Njoo uone, kaka,” akaniambia. Ndani mlikuwa na bitana ya poliesta toka kola hadi pindo, kisha kitambaa cha gamu kilichogandishwa kwa pasi juu ya kifua chote, kisha pedi za sponji mabegani, na kitambaa cha nje chenyewe kilikuwa poliesta iliyochanganywa na sufu kidogo. Hakuna hata tabaka moja lililokuwa likipitisha hewa. Alitoa bitana yote ya mgongo, akaacha ile ya mikononi ili koti liteleze linapovaliwa na kipande cha mabegani ili lisipoteze umbo, kisha akafunika mishono iliyobaki wazi kwa utepe wa pamba. Koti lilirudi kwangu likiwa na sura ileile, na tangu siku hiyo nalivaa hadi jioni.

Tatizo la mtindo wa majira linapofika Pwani ni hilo: tunapokea sura yake pamoja na uzito wake, na uzito ndio usiotufaa. Nguo za dukani za bei ya kati huigwa kutoka kwenye picha, na picha haionyeshi kilichomo ndani. Mitumba nayo haiangalii kalenda yetu, kwa sababu robota linalofunguliwa katika soko la Karume, Dar es Salaam, au Gikomba, Nairobi, limejazwa na kabati za watu wa nchi za baridi, hivyo tunapata makoti mazuri ya sufu kwa bei ndogo wakati shati zuri la kitani ni la kuvizia alfajiri.

Wapo watakaojibu kwamba joto si hoja tena, kwa kuwa ofisi zina viyoyozi. Ni kweli kwamba mfanyakazi wa katikati ya jiji huishi majira mawili kwa siku moja, joto la kituo cha mwendokasi na ubaridi wa ghorofa ya nane, na koti alilolibeba mkononi njia nzima analivaa akiketi kwenye kiti chake. Lakini hapo tumeipoza nyumba ili iendane na nguo. Japani iligeuza hesabu hiyo mwaka 2005, pale wizara ya mazingira ilipoanzisha kampeni iitwayo Cool Biz, ikazitaka ofisi ziweke kiyoyozi nyuzi 28 wakati wa kiangazi na wafanyakazi wavue koti na tai. Kwetu shinikizo mara nyingi huelekea upande mwingine. Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa la Kenya, Moses Wetang’ula, alipiga marufuku suti za Kaunda bungeni, akisisitiza koti, kola, tai, shati la mikono mirefu na suruali ndefu, wakati Rais William Ruto mwenyewe alikuwa akionekana mara kwa mara ndani ya suti hizo. Naheshimu haja ya Bunge kuwa na staha, lakini nashindwa kuona staha inayopotea katika vazi alilolitangaza Kenneth Kaunda akiwa rais wa Zambia, lisilodai tai na lililoshonwa kwa kuzingatia jua.

Mfano unaonishawishi kuliko yote uko karibu nasi zaidi. Omani na nchi nyingine za Ghuba, ambako jamaa zetu wengi wanaishi, mwanamume huvaa dishdasha nyeupe na nyepesi wakati wa joto, na baridi inapoingia hushonesha dishdasha ileile kwa kitambaa kizito zaidi, cha kijivu, kahawia au bluu ya giza. Umbo halibadiliki na kitambaa kinabadilika kwa majira. Sisi tunafanya kinyume, maana tunabadili umbo kila mwaka huku kitambaa kikibaki poliesta Januari na Julai. Hata kanzu, ambayo zamani ilikuwa pamba tupu, siku hizi huuzwa kwa wingi ikiwa ya poliesta inayong’aa, na mvaaji hutoka msikitini Ijumaa mgongo umeloa.

Kwa hiyo nakubali mkato utoke Milan, mradi kitambaa kiamuliwe hapa. Na bahati ni kwamba mkato wa sasa unatufaa kuliko ule uliopita. Suruali pana yenye marinda huruhusu hewa ipite mapajani, jambo ambalo modo haikuweza. Koti lisilo na pedi, ambalo Giorgio Armani alilipatia umaarufu kuanzia miaka ya 1970 na ambalo mafundi wa Napoli walilijua kabla yake, ni koti la watu wa bahari yenye joto kama sisi. Wakati wa kaskazi ningevaa suruali ya kitani ya rangi ya mchanga, shati la pamba la kola laini lililoachwa nje, na moka zisizo na soksi; kitani kitakunjika, na mikunjo hiyo tuikubali kama sehemu ya kitambaa. Shughuli ikidai suti, sufu nyembamba iliyofumwa kwa matundu, ya gramu kama 250 kwa mita, hupitisha hewa kuliko pamba nzito, jambo linalowashangaza wengi. Masika ikianza, kitani cheupe na viatu vya swedi virudi kabatini kwa sababu ya matope, na suruali ikatwe iguse kiatu bila kulala juu yake. Kusi ikivuma, Julai, ndipo nafasi ya bluu ya giza, shati la mikono mirefu na, usiku, sweta jepesi. Shati la batiki linafaa karibu mwaka mzima likivaliwa na suruali ya rangi moja iliyotulia, kwani lenyewe linatosha kuonekana.

Gharama inabaki kuwa kikwazo cha kweli. Kitani safi ni ghali, na maduka mengi ya vitambaa huuza kwa jina hilo mchanganyiko wenye poliesta ndani. Mafundi wana kipimo chao: huchomoa nyuzi mbili pembeni mwa kitambaa na kuziwasha. Uzi wa pamba au wa kitani huungua kama karatasi na kuacha majivu laini, na wa poliesta huyeyuka ukaganda kama tone gumu jeusi. Fundi wangu alifanya hivyo mbele ya mwenye duka, akapukuta kile kitone kutoka kidoleni, akaomba aonyeshwe jora jingine.