Kushusha volteji ya GPU ya laptopu: kinachopoza ni wati, si milivolti

Watu wawili wenye laptopu zenye RTX 3060 wanaweza kushusha volteji ya kadi ya grafiki (GPU) kwa milivolti zilezile na kupata majibu yasiyofanana kabisa. Wa kwanza anaona joto likishuka kutoka nyuzi 87 hadi 76, na feni zinatulia. Wa pili anaona joto likibaki palepale kwenye 87, ila gemu limeongeza fremu kadhaa kwa sekunde. Mmoja ataapa kwamba hii ndiyo dawa ya joto, mwingine atasema ni maneno matupu. Wote wawili wameona kweli, na anayeelewa kwa nini wametofautiana ameshaelewa nusu ya jambo lenyewe.

Umeme unaoliwa na chipu ikiwa kazini hufuata volteji ikizidishwa kwa yenyewe, halafu mara kasi ya saa yake. Ukishuka kutoka milivolti 950 hadi 800 na kasi ikabaki ileile, sehemu hiyo ya matumizi inabaki takribani asilimia 71 ya ilivyokuwa. Kadi nzima haishuki kiasi hicho, kwa sababu wati unazosomewa na programu zinahesabu pia kumbukumbu ya kadi na upotevu kwenye saketi za kugawa umeme, ambavyo hukuvigusa. Hata hivyo ni punguzo kubwa kwa kitu kisichogharimu hata senti.

Sasa tofauti ya laptopu na kompyuta ya mezani. Kadi ya laptopu huishi chini ya kikomo cha wati ambacho Nvidia, wenye chipu, huwaachia watengenezaji wa laptopu wapange. RTX 3060 ya laptopu iliuzwa ikiwa na vikomo vya kuanzia wati 60 hadi 115, na juu yake kuna Dynamic Boost, inayoweza kuongeza hadi wati 15 zinazoazimwa kutoka kwa prosesa. Kadi iliyofungwa kwenye wati 80 tayari ilitaka kukimbia zaidi ila ikazuiwa. Ukiishushia volteji, inaona imepata nafasi, inapandisha kasi hadi ifike tena wati 80. Zilikuwa 80, zimebaki 80. Joto halina pa kupungulia. Huyo ndiye mtu wetu wa pili: alishusha volteji lakini hakuiwekea kadi dari ya kasi.

Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, fungua programu ya GPU-Z uangalie mstari unaotaja kinachoizuia kadi isipande zaidi. Ikiandika Pwr, umegonga kikomo cha wati. Thrm ni joto. VRel ni volteji. Cheza au pima kwa dakika 20 hadi joto litulie, kisha andika mahali: kasi ya wastani, volteji, wati, nyuzi za chipu, na nyuzi za chumba. Hiyo ya mwisho wengi huiacha, na ndiyo inayowachanganya siku mbili baadaye.

Mfumo wa kupoza kwa kweli haujali namba 80 au 87. Unajali tofauti kati ya chipu na hewa inayoingia. Laptopu ambayo kwa wati 100 hukaa nyuzi 50 juu ya joto la chumba, kwa wati 80 itakaa kama nyuzi 40 juu yake, feni zikizunguka kwa kasi ileile. Chumba cha nyuzi 32 Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari kinaongeza nyuzi 7 nzima juu ya matokeo ya anayepimia kwenye chumba cha 25. Nairobi kuna baridi, lakini kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700 hewa ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 15, na feni ya kasi ileile inabeba joto kidogo kuliko ingebeba pwani. Usishangae basi ukinakili mipangilio ya mtu wa Ulaya na nyuzi zako zikakataa kufanana na zake.

Kunakili namba za mwingine ni kosa kwa sababu nyingine pia. Kiwandani volteji hupangwa kwa ziada, ili hata chipu dhaifu kuliko zote za aina hiyo ifanye kazi kwenye joto kali na baada ya miaka. Chipu yako inaweza kuwa imara kiasi cha kuhimili milivolti 775, ya jirani ikagoma kwenye 825. Kwa RTX 3060 ya laptopu, mahali pa busara pa kuanzia ni megahezi 1700 kwa milivolti 800. Kwa GTX 1060 ya mwaka 2016, jaribu 1650 kwa 850. Ni pa kuanzia tu.

Programu inayotumika zaidi ni MSI Afterburner. Ipakue kutoka tovuti ya MSI au Guru3D pekee. Mwaka 2021 MSI wenyewe walitoa onyo kuhusu tovuti bandia iliyosambaza virusi kwa jina la programu hii. Usihangaike na kitelezi cha volteji, ambacho kwenye laptopu mara nyingi kimefungwa. Bonyeza Ctrl na F pamoja, utaona grafu: milivolti zimelala chini, megahezi zimesimama pembeni, na mstari wa vitone unaopanda kutoka kushoto kwenda kulia. Grafu hii ipo kuanzia kizazi cha Pascal, yaani GTX 10 na kuendelea. Kadi za kabla ya hapo hazina.

Hapa mafundi hugawanyika, na mgawanyiko huu una uzito kuliko mabishano mengi ya mtandaoni. Njia ya kwanza ni kuteremsha mstari wote kwa kitelezi cha kasi hadi ncha yake ya kulia iwe chini ya kasi unayoitaka, kisha kukiinua kitone kimoja, tuseme cha milivolti 800, hadi 1700, na kubonyeza alama ya vema. Vitone vyote vya kulia vinalala usawa wa 1700. Ni rahisi, na vitone vya kushoto vinabaki salama sana. Ubaya wake hujitokeza kadi inapobanwa na wati. Ikilazimika kushuka kutoka milivolti 800 hadi 775, haikuti megahezi 1680 au 1660. Inakuta shimo, pengine la megahezi mia kadhaa, kwa sababu uliteremsha kila kitu nyuma yake. Gemu linapigapiga kwikwi, na mwenyewe analaumu draiva.

Njia ya pili ni kuinua mstari wote kwa pamoja, pengine megahezi 120 hadi 150, hadi kitone cha milivolti 800 kifike 1700. Kisha unashikilia Shift, unachagua eneo lote la kulia kwa kipanya, unalishusha chini ya 1700 na kubonyeza alama ya vema. Vitone vya kulia vinajinyoosha. Mteremko wa kushoto unabaki laini. Gharama yake ni kwamba vitone vya volteji ndogo navyo vimepandishwa, na kadi inaweza kuganda wakati wa kazi nyepesi, mfano unapotazama video au unapotoka kwenye gemu kurudi kwenye eneokazi. Kwa laptopu, ambazo muda mwingi huishi kwenye kikomo cha wati, njia ya pili ndiyo bora, mradi usiinue mstari kupita kiasi. Ya kwanza inafaa kwa mwenye kadi yenye kikomo kikubwa cha wati, ambayo haitahitaji kamwe kushuka chini ya kitone alichochagua.

Ukishatulia kwenye hatua moja, shuka milivolti 25, pima, shuka tena. Ikishindwa, rudi juu 25 na ubaki hapo. Tamaa ya kubana milivolti 12 za mwisho haileti hata nyuzi mbili, ila inaleta kuganda Jumamosi usiku. Fanya mpangilio kadi ikiwa ya moto kiasi, nyuzi 60 na kitu, kwa sababu GPU Boost, mfumo wa kadi wa kujipangia kasi, hupunguza kasi kwa hatua za megahezi 15 kadiri joto linavyopanda. Ulichopanga kama 1700 kadi ikiwa baridi kitasomeka 1680 au chini yake ndani ya gemu, na si hitilafu.

Kwa kupima, wengi hukimbilia FurMark, programu ya kuilemea kadi. Ni chaguo baya kwa jambo hili. FurMark inaibana kadi kwenye wati hadi kasi inashuka mbali chini ya kitone ulichokipanga, kwa hiyo inafaulu saa nzima bila kukigusa. Kesho yake gemu jepesi linapanda hadi juu na kudondoka ndani ya dakika tano. Tumia jaribio la msongo la Time Spy ndani ya 3DMark, mizunguko 20, halafu cheza gemu lenye miale ya mwanga (ray tracing) pamoja na DLSS, ukuzaji wa picha wa Nvidia kwa akili bandia, kwa sababu hivyo viwili huamsha sehemu za chipu ambazo gemu la kawaida halizigusi. Volteji isipotosha, skrini huwa nyeusi sekunde chache kisha gemu linafungika. Windows ikisubiri sekunde 2 bila jibu la kadi huiwasha draiva upya, na kwenye rekodi ya matukio utakuta tukio namba 4101 lenye jina nvlddmkm. Ukiliona hilo, usitafute mchawi mwingine.

Mpangilio ukifaulu, uhifadhi kwenye moja ya nafasi tano za Afterburner, lakini usiruhusu ujiwashe na Windows hadi wiki ipite bila tatizo. Kama ulibonyeza L kwenye grafu wakati wa kupima, bonyeza tena kuiondoa. Herufi hiyo huifungia kadi kwenye kitone kimoja hata ikiwa haina kazi. Ukitumia betri, funga Afterburner kabisa, kwa kuwa usomaji wake wa kila sekunde huizuia kadi ya Nvidia isilale, na chaji inaisha mbio.

Wapinzani wa kushusha volteji wana hoja moja nzito, na inastahili kusikilizwa kabla ya yote haya. Tangu Januari 2020 draiva za Nvidia zina kikomo cha fremu kwa sekunde. Kioo cha laptopu kikiwa cha hezi 60 na kadi inatoa fremu 110, kuifunga kwenye 60 kunaondoa wati nyingi kuliko milivolti zozote utakazobana. Kadi inapumzika katikati ya fremu, inashuka yenyewe kwenye kasi na volteji ndogo, na hakuna hatari ya kuganda. Kwa mtu huyo, kuanza na grafu ya volteji ni kuanzia mwisho. Lakini hoja hiyo inaishia pale kadi isipofikia fremu unazozitaka. GTX 1650 inayotoa fremu 45 kwenye gemu zito haina cha kufungwa, na hapo volteji ndiyo njia pekee ya kupunguza wati bila kupoteza mwendo.

Hoja yao ya pili ni vumbi. Laptopu ya miaka minne ambayo haijafunguliwa, mapezi yake yakiwa yamezibwa na pesti ya joto imekauka, haitibiwi kwa programu. Safisha kwanza. Anayebadilisha na vibandiko vya joto vya kumbukumbu apime unene wake. Ukiweka cha milimita 1.5 palipokuwa na cha 1, bamba la shaba linanyanyuka juu ya chipu, na joto linapanda kuliko awali.

La tatu ni kwamba huenda mkosaji si GPU. Kwenye laptopu nyingi prosesa na GPU hushirikiana mabomba yaleyale ya shaba, na prosesa ya Intel inayokula wati 60 inaipasha joto kadi isiyo na hatia. Zamani ungeishushia volteji nayo, lakini baada ya udhaifu wa Plundervolt kutangazwa Desemba 2019, watengenezaji wengi walifunga mlango huo kwa masasisho ya BIOS, programu ya msingi inayoiwasha laptopu. GPU haikuguswa na hatua hiyo. Kwa wengi ndiyo volteji pekee waliyobaki nayo mkononi, na kuipunguzia wati kunaiachia prosesa nafasi kwenye mabomba hayo.

Hofu ya kuunguza kadi haina msingi. Volteji ndogo haiunguzi. Inachofanya ikizidi udogo ni kuidondosha kazi. Ukirudisha mipangilio ya awali, hakuna kilichobadilika ndani ya kadi. Kubadilisha VBIOS, yaani programu iliyo ndani ya kadi yenyewe, ni jambo jingine kabisa, na halina nafasi hapa.

Hofu yenye msingi ni ya makosa ya kimya. Kadi iliyo karibu na ukingo inaweza isigande ila ikakosea hesabu. Kwenye gemu ni kitone cha rangi kisichoonekana. Kwenye kazi ya saa kumi ya Blender, programu ya kutengeneza picha za 3D, au kwenye kufunza modeli, ni picha au namba iliyoharibika bila onyo. Anayetumia laptopu kwa kazi za aina hiyo asitosheke na gemu kutodondoka. Programu ya OCCT ina jaribio la 3D linalohesabu makosa: liendeshe saa nzima kwa mpangilio wako. Likihesabu hata kosa moja, ongeza milivolti 25 na uanze saa upya.