Kipimo cha radoni: siku mbili au miezi mitatu?

Baridi ikianza Iowa, jimbo la katikati ya Marekani, madirisha yanafungwa hadi majira ya machipuo na hita inawaka usiku kucha. Ndipo radoni hupanda ndani ya nyumba. Gesi hii haina rangi wala harufu. Inatokana na urani iliyomo udongoni, na ikivutwa kwa miaka mingi huleta saratani ya mapafu. EPA, idara ya mazingira ya Marekani, inakadiria kuwa inaua watu 21,000 kila mwaka nchini humo, na kaunti zote za Iowa zimo katika kundi lake la hatari ya juu.

Hewa ya moto hupanda na kutokea darini. Chini, nyumba inabaki kunyonya hewa ya udongoni kupitia nyufa za besimenti, yaani chumba cha chini ya ardhi, na matundu ya mabomba. Kadiri nje kunavyoganda, ndivyo inavyonyonya kwa nguvu. Mvua kubwa nayo hulowesha udongo wa nje ukaziba, gesi ikatafuta pakavu, na pakavu ni chini ya sakafu yako.

Kwa hiyo wanaodharau kipimo cha siku mbili, wakisema hali ya hewa hukipotosha, wana hoja. EPA yenyewe inashauri kisifanywe wakati wa dhoruba au upepo mkali. Kipimo cha zaidi ya siku 90 humeza misukosuko hiyo yote.

Lakini mnunuzi wa nyumba hana siku 90. Tena, hali ya hewa haiwezi kuficha kila kitu. Mwaka 1984 mhandisi Stanley Watras alikuwa akiliza ving'ora vya mionzi katika kituo cha nyuklia cha Limerick, Pennsylvania. Kumbe mionzi aliitoa nyumbani kwake, ambako radoni ilifika pikokyuri (kizio cha mionzi) 2,700 hivi kwa lita ya hewa. EPA inataka nyumba irekebishwe ikifika 4. Nyumba kama ile ungeipima kwa mvua au kwa jua, ingejionyesha tu.

Shida iko kwa nyumba inayosoma 3 au 5. Hapo wiki moja ya upepo inatosha kukupa jibu la uongo, na mimi nisingemlaza mtoto besimenti kwa kuamini 3 ya mwezi Juni. Ningeanza na kikopo cha mkaa unaonasa radoni, kile kipimo cha siku mbili, mwezi Januari, madirisha yakiwa yamefungwa kwa muda wa saa 12 kabla ya kuanza, kisha niweke kipimo cha miezi mitatu palepale kwenye rafu. Na tarehe za mvua ningeziandika pembeni ya matokeo.