Unataka ya kung'aa au nyeusi?

Hilo ndilo swali la kwanza nililoulizwa na kijana wa gereji siku nilipokwenda kuulizia rolibaa, ule upinde wa chuma wa nyuma ya viti unaokinga kichwa gari likipinduka, na halikufuatiwa na jingine. Hakuuliza ni ya gari gani. Hakuuliza urefu wangu, na mimi si mfupi. Hakunyanyuka hata kuliangalia gari lenyewe, lililokuwa hatua kumi kutoka alipokaa: Eunos Roadster ya Mazda, ya 1992, nyekundu, paa limekunjwa, watoto wawili wameshaanza kuligombania nani ataendesha. Ya kung'aa laki tatu, nyeusi laki mbili na nusu, kesho kutwa njoo uchukue.

Nikamwuliza, bomba lina unene gani? Akanitazama kama nimemwuliza mahari ya bibi yake.

"La kawaida tu, bosi. Bomba zuri."

Bomba zuri! Nimelala na maneno hayo wiki nzima, nimeamka nayo, na leo nimeamua kuyatua hapa ili na ninyi yawakere.

Ugonjwa huu ninajua ulikoanzia. Ulianzia kwenye Hilux. Kila mwenye pikapu mji huu ana lile bomba linalong'aa nyuma ya kabini, limefungwa kwa boliti nne kwenye bati la karai la mizigo, na ukimwuliza la nini atakwambia "usalama". Usalama wa nani? Pikapu ina paa la chuma. Lile bomba ni hereni, basi. Sina ugomvi na hereni. Nakubali pia kwamba siku ya kuhama nyumba linafaa kufungia kamba ya sofa. Tatizo ni kwamba tumelizoea kiasi kwamba mtu akisema rolibaa, fundi anaona pambo, mteja anaona pambo, na mwenye gari lisilo na paa anauziwa pambo likae nyuma ya kichwa chake, mahali ambapo hakuna chuma kingine chochote kati ya fuvu lake na lami.

Miaka kadhaa iliyopita nilisimama kati ya Chalinze na Segera, usiku, kwa sababu magari yote yalikuwa yamesimama. Kijigari cha turubai kilikuwa kimepinduka mtaroni, na watu walikuwa wameshakirudisha kwenye magurudumu yake. Injini nzima, milango mizima, taa moja bado inawaka. Fremu ya kioo cha mbele ilikuwa imelala, iko sawasawa na usukani. Sitaandika zaidi ya hapo. Ila tangu siku hiyo, nikiona mtu amekaa kwenye gari la wazi, jicho langu linakwenda kwanza nyuma ya kiti chake.

Sasa nisikilizeni, kwa maana hapa sitanii. Roadster ya kizazi cha kwanza ina uzito wa karibu kilo 950, na nyuma ya viti haina kitu. Mazda waliionyesha dunia gari hilo Chicago, Februari 1989, na lilipendwa kwa sababu hiyohiyo: jepesi, dogo, upepo kichwani. Likigeuka miguu juu, lile fremu la kioo usilitegemee. Kazi yote inabaki kwa upinde wa chuma nyuma yako, kama upo. Na upinde huo haubebi uzito uliotulia kama nguzo ya kibanda. Unapigwa. Unapigwa kutoka juu, kutoka ubavuni, kisha unaburutwa.

Bomba la kutengenezea geti na viti vya baa, lenye mshono ubavuni na ukuta mwembamba, likipigwa hivyo linajikunja kama mrija wa soda. Mmewahi kukunja mrija? Haupindi polepole. Unashika, unashika, halafu ghafla unalala. Na ukitaka kujua utalala wapi, tazama kona. Mafundi wetu wengi wanajaza bomba mchanga, wanalipasha moto hadi liwe jekundu, wanalipinda kwa nguvu za mikono, na ukipitisha kidole upande wa ndani wa kona unakuta makunyanzi. Makunyanzi yale ndipo mahali pa kukatikia, yamepakwa rangi nyeusi tu.

Kanuni za FIA, shirikisho la dunia la mashindano ya magari, ambazo hata magari ya Safari Rally kule Naivasha yanakaguliwa nazo, hazina mjadala wa bomba zuri. Upinde mkuu ni bomba lisilo na mshono, lililovutwa baridi, kipenyo cha milimita 45 na ukuta wa 2.5, au kipenyo cha 50 na ukuta wa 2. Linapindwa baridi, kwa mashine, na nusukipenyo cha kona kisipungue mara tatu ya kipenyo cha bomba. Mtu ataniambia hatuendi kwenye mashindano. Kweli, hatuendi. Lakini lami ya Segera haikuniuliza kama nina leseni ya mashindano.

Halafu miguu. Hapa ndipo hata wale wenye bomba halisi wanapojiua. Bati la sakafu ya gari ni jembamba sana, mnajua wenyewe, wengine wenu mmeshaona barabara kupitia kwake. Ukisimamisha bomba imara juu ya bati hilo kwa boliti na washa, vile visahani vyenye tundu, peke yake, siku ya siku bomba halitavunjika. Litazama. Litatoboa sakafu na kushuka kama mchuchumio kwenye mchanga wa Coco Beach, na wewe utashuka nalo. Ndiyo maana kanuni zinataka kila mguu wa upinde mkuu uwe na boliti zisizopungua tatu, za milimita 8 na daraja la uimara la 8.8, na bamba la chuma la kutandaza uzito, unene wa milimita 3 au zaidi, eneo la sentimita 120 za mraba. Ni kama kiganja kikubwa cha mtu mzima. Yule kijana wangu alikuwa na washa. Zilikuwa mpya, nakiri.

Na kutu je? Roadster huoza kwenye sili, ule ukingo wa bodi chini ya mlango, mbele kidogo ya gurudumu la nyuma, na hewa yetu ya chumvi haiwaachi hata wa Japani. Gonga kwa bisibisi kabla ya yote. Ikiingia, ahirisha rolibaa, tafuta fundi bodi.

Haya, kuna pointi moja nawapa wapinzani, na nawapa shingo upande. Kuna watu wanasema rolibaa kwenye gari la barabarani ni hatari yenyewe, na wala hawajakosea kabisa. Ukigongwa kwa nyuma na daladala kwenye foleni ya Mwenge, kiti kinalala kidogo, kichwa chako kisicho na helmeti kinarudi nyuma, na kule kinakutana na bomba la chuma. Ile sponji ngumu ya kuvisha rolibaa imekusudiwa kichwa kilichovaa helmeti. Kwa kichwa kitupu haikubembelezi. Na zile sponji laini za mabomba ya maji ndiyo kabisa, ni kama kuvisha nyundo soksi. Kwa hiyo ni lazima kuwe na nafasi. Mimi nilisogeza kiti mbele hadi kichwa na chuma vikaachana shubiri nzima, na sasa nikifunga safari ndefu magoti yananung'unika. Kama umbo lako haliruhusu nafasi hiyo, basi waliosema wamesema, na mimi sitabishana nawe. Nitabishana na yule anayetumia hoja hiyo kisha anafunga ya kung'aa.

Mikanda ya pointi nne, ile ya mashindano inayobana mabega yote mawili, bila rolibaa, gari likiwa wazi: usifanye. Inakushika wima wakati kila kitu kinashuka.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba si jambo jipya. Porsche walionyesha Targa yao mwaka 1965, na ule upinde mpana unaong'aa nyuma ya viti haukuwekwa kwa ajili ya picha za harusi. Walihofia Marekani ingepiga marufuku magari ya wazi. Ule unang'aa na unafanya kazi, kwa hiyo mng'ao wenyewe sina kesi nao. Volkswagen walipotoa Golf ya wazi mwaka 1979 ikiwa na upinde katikati, Wajerumani walicheka, wakaiita kikapu cha stroberi. Gari zuri limeharibiwa, walisema. Kikapu kikauzwa miaka na miaka. Mercedes nao mwaka 1989, mwaka uleule wa Roadster, wakaleta SL yenye upinde uliolala ukifichwa, gari likianza kupinduka unainuka kwa sehemu tatu za kumi za sekunde. Wenye fedha za kutosha walificha. Sisi wa Roadster tukaachiwa tujitegemee.

Rolibaa yangu ilikuja kutoka Uingereza, ndani ya konteina la binamu yangu, katikati ya friji mbili na seti ya masofa ya shangazi. Imetengenezwa kwa ajili ya gari hili, na mabamba yake, na boliti zake. Bandarini waliifunua wakauliza ni nini. Binamu akasema ni kitanda. Sitatetea jibu hilo, ila lilieleweka.

Kufunga nilimpata mzee mmoja aliyestaafu kazi ya malori, tukafanyia nyumbani kwangu, chini ya mwembe. Siku mbili. Siku ya kwanza hatukutoboa kitu. Tulitoa viti, tukatoa kapeti, tukatoa vifuniko vya mikanda, na mzee akaomba fagio. Nilidhani anataka kufagia. Kumbe ndicho kipimo: unalaza mpini kutoka kileleni mwa rolibaa hadi juu ya fremu ya kioo cha mbele, unakaa kwenye kiti na helmeti yako, na helmeti isiuguse mpini. Waendesha mashindano wa Marekani wanakiita hivyohivyo, kipimo cha mpini wa fagio. Mzee hakuwahi kuwasikia, alifikiri tu.

Nilifeli. Helmeti ya bodaboda niliyoazima iliinua fagio vidole viwili.

"Mwanangu," akasema, "ama tukate kichwa, ama tukate kiti."

Tukakata kiti. Tulifungua ngozi tukachonga sponji kwa kisu cha mkate, kidogo kidogo, ninakaa, anapima, ninanyanyuka, anachonga, mpaka helmeti ikapita chini ya mpini. Mke wangu alitoka akatukuta na kisu chake na fagio lake, akarudi ndani bila kusema neno. Baadaye alikuja kuuliza kama lile bomba linaweza kuanikiwa nguo. Linaweza.

Siku ya pili ndiyo ya keekee. Miguu ya nyuma inashukia kwenye jukwaa lililo nyuma ya viti, na chini ya jukwaa hilo lipo tenki la mafuta, lita 45. Nilijua. Mzee naye alijua. Alivisha keekee kipande cha mti kilichotobolewa, kimeacha ncha itokeze kiasi cha bati tu, isiweze kuzama zaidi hata mkono ukiteleza. Kabla ya kila tundu alijilaza chini ya gari na tochi akagusa kwa kidole mahali ncha itakapotokea, kwa sababu chini kule kuna bomba za breki pia. Matundu yote yalichukua nusu siku. Kila tundu lilipakwa rangi ya zinki pembeni likaachwa likauke kabla boliti haijaingia. Hakuna kilichochomelewa. Nilipomwuliza mbona tusichomelee kidogo kwa uhakika, alinionyesha tenki kwa kidevu.

Namna hiyo ndiyo ninayoizungumzia. Mzee hajasoma kanuni yoyote ya FIA, na mjini wanamwita kwa kufunga springi za Fuso. Lakini alijiuliza swali ambalo yule kijana hakujiuliza: hiki chuma siku yake ikifika kitafanya nini?

Lina makelele, sitaficha. Barabara ya vumbi likigusana na kiti linagonga kama kengele ya shule. Nyuma kunaonekana kwa tabu. Kile kidirisha cha plastiki cha paa sasa kukishusha ni mieleka, miguu ya nyuma imekaa njiani. Na haling'ai. Ni jeusi lisilo na mvuto, wapiga picha wa harusi wameshaniacha.

Juzi nilipita pale gerejini kununua rediator ya mtu. Kijana akaliona, akaja mbio.

"Kaka, hii umetoa wapi? Naomba nichukue vipimo."

Nikafurahi, kwa kweli. Nikafungua mlango, nikasogeza viti vyote mbele ili aone miguu, nikamwonyesha na mabamba yalivyoshika chini. Akatoa futi. Akapima upana, akapima urefu, akapima kona hadi kona, akaandika kiganjani kwa kalamu. Nikasubiri aulize unene wa ukuta. Nilikuwa nao tayari mdomoni, milimita mbili na nusu.

Akakunja futi, akapiga picha moja kwa simu, akasema ahsante bosi, hii nikiipiga kromu itapendeza.